Kangaja akiwa mbabe wa tangi: namna ya kumtuliza

Mwongozo huu ni wa mwenye tangi la maji ya bahari la lita 300 au zaidi, ambamo samaki mmoja amejifanya mwenye mji. Mara nyingi ni kangaja au kikande. Kangaja analinda jiwe linaloota mwani, kama afanyavyo huko miambani, na humchukia zaidi anayefanana naye kwa umbo na chakula. Ikiwa umeweka kangaja wawili ndani ya lita 300, usihangaike na hatua hizi, mmoja ahame.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ugomvi kweli. Kaa mbali na kioo kwa dakika 20 kabla ya kulisha. Kufukuzana kidogo kisha kuachana si neno. La kutia wasiwasi ni mapezi yaliyochanika, na samaki aliyejibanza pembe ya juu ambaye hashuki hata chakula kikimwagwa. Kangaja akimgeuzia mwenzake shina la mkia, hapo ametoa kisu: mwiba wake uko ubavuni mwa mkia na hukata kama wembe.

Pima na maji: amonia 0, chumvi 1.025 kwenye haidromita, joto nyuzi 25 hadi 27. Wakati wa kaskazi tangi hufika nyuzi 30, hewa ndani ya maji hupungua, samaki wote hukimbilia juu na mtu akadhani wanapigwa. Feni ndogo ikipuliza usoni mwa maji hushusha joto kidogo. Kinachokauka kijazie maji yasiyo na chumvi wala klorini, si ya bahari, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Hatua ya 2: Mfunge mbabe. Chukua boksi la plastiki angavu la sentimita 30 kwa 20, litoboe kote kwa msumari wa moto, matundu ya milimita 6, kisha sugua kingo zisimchune. Lifunge kwa kamba ya nailoni ndani ya tangi hilohilo, mdomo wake ukiwa sentimita 5 juu ya maji, na ulifunike. Waya usitumie, hushika kutu. Mkamate kwa bakuli, si kwa wavu, maana ule mwiba hunasa kwenye nyuzi na kuutoa ni kumuumiza. Akae humo siku 7 hadi 10, akila kama kawaida.

Hatua ya 3: Vunja mtaa wake. Hii ndiyo kazi yenyewe, na wengi huiruka. Mbabe akirudi akakuta pango lake pale pale, siku hiyohiyo anaanza upya. Andaa kwanza madumu matatu ya lita 20 ya maji ya bahari, ya kubadilishia yatakayochafuka, yaani asilimia 20 ya tangi la lita 300. Maji yachotwe bahari ikiwa imejaa, mbali na midomo ya mitaro, wala si baada ya mvua kubwa ya masika. Zima taa, panga mawe upya. Usiyaegemeze yote ukuta wa nyuma. Jenga vichuguu viwili au vitatu vilivyoachana, ili samaki wa upande huu asimwone wa upande ule. Kila jiwe likae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, samaki wakichimba lisije likaporomoka. Mchanga ukizidi sentimita 5, uguse taratibu: tabaka jeusi linalonuka yai viza likitibuka huua. Ukiongeza mawe, yawe ya matumbawe yaliyokufa. Ya hai yaache baharini.

Hatua ya 4: Gawa chakula. Lisha mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Mwani laini wa kijani, uliooshwa vizuri, ubane ncha zote mbili za tangi. Ukibana mmoja tu umempa kitu kipya cha kulinda.

Hatua ya 5: Mrudishe usiku, taa zikiwa zimezimwa. Asubuhi bandika kioo cha kujitazamia nje ya ubavu mmoja. Atapigana na kivuli chake, wenzake wapate nafasi. Kiondoe baada ya siku chache.

Akiendelea kuchana mapezi baada ya wiki, mpe mwenye tangi kubwa zaidi. Usimtupe baharini pale Forodhani, Unguja: akiwa amebeba maradhi ya vidoa vyeupe, anayapeleka kwa wa huko.