Akiba ya Kukupa Usingizi: Jinsi ya Kuianza na Kudumu Nayo

Kazi yangu ni kukaa na watu mezani tukipitia mapato na matumizi yao. Siku hizi swali langu la kwanza ni hili: "Unalalaje?" Wengi hunijibu kwamba huamka saa nane usiku, wakawasha simu na kuangalia salio, ingawa wanajua halijabadilika tangu walipoliangalia saa nne. Ndiyo maana akiba naihesabu pamoja na usingizi na mapumziko. Ni kujitunza.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Watu wenye kipato kidogo walipofikirishwa gharama kubwa ya ghafla, alama zao kwenye majaribio ya akili zilishuka. Wenye kipato kikubwa hawakutetereka. Wasiwasi wa fedha hula nafasi kichwani, na nafasi hiyo unaihitaji kwa kazi, kwa watoto, kwa kila kitu.

Hatua ya 1: Andika matumizi kwa siku 14. Andika tu, usijibane wala usijisute. Daftari dogo linatosha.

Hatua ya 2: Chagua hofu moja. Washauri wengi husema uwe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Ni lengo zuri, lakini kwa anayeanza liko mbali mno, na nimeona likiwavunja watu moyo. Anza na jambo moja linalokunyima usingizi: kodi ya mwezi mmoja, matibabu ya ghafla, kifaa cha kazi kuharibika. Andika gharama yake, kisha uipe akiba jina hilohilo. Fedha yenye jina ni ngumu kuigusa kwa jambo jingine.

Hatua ya 3: Tenga fedha inapoingia, kabla hujatumia. Hapa ndipo kazi ilipo. Anayengoja kuweka kitakachobaki mwisho wa mwezi hukuta hakuna kilichobaki, hata kama si mfujaji, kwa sababu matumizi hutanuka mpaka yafikie fedha iliyopo mkononi. Kama una mshahara, iombe benki ikate yenyewe siku ileile ya malipo na kupeleka kwenye akaunti nyingine, isiyo na kadi.

Kama kipato chako hakitabiriki, tumia sehemu badala ya kiasi. Fundi cherehani mmoja niliyemshauri alikuwa akilipwa na mteja, hachelewi: kabla fedha haijaingia mfukoni, noti moja katika kila kumi inakwenda kwenye bahasha iliyoandikwa "mota", maana hofu yake ilikuwa mota ya cherehani kuungua. Hakusubiri jioni. Alipoileta bahasha hiyo mwezi wa tatu, pembe zilikuwa zimelegea na mgongoni imejaa vistari vya kalamu, kimoja kwa kila siku aliyoweka.

Sehemu moja ya kumi ikikuelemea, anza na moja ya hamsini, lakini jiwekee ahadi leo kwamba kipato kikipanda, nayo itapanda. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walieleza mpango wa namna hii mwaka 2004: wafanyakazi walioukubali walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Kwa kuwa nyongeza ilikatwa kabla hawajaizoea, hawakuona wamepunguziwa.

Hatua ya 4: Ukiitumia, usijilaumu. Mota ya yule fundi iliungua kweli. Alinunua nyingine siku hiyohiyo bila kukopa, kisha akaja kwangu akilia kwamba bahasha ni tupu. Nilimwambia: dada yangu, imefanya kazi uliyoituma. Siku ya pili alianza vistari vipya. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake walipofuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia ndogo za kila siku, waliona mazoea huchukua kati ya siku 18 na 254, na kukosa mara moja hakukuharibu safari. Ukikosa wiki moja, endelea pale ulipoishia. Usijitoze faini ya kulipa maradufu.

Hatua ya 5: Bahasha ya kwanza ikijaa, geukia deni la riba kubwa. Gawa 72 kwa kiwango cha riba, utapata takriban miaka ambayo fedha huchukua kuongezeka maradufu: deni la asilimia 24 kwa mwaka, usipolipunguza, hukaribia kuongezeka maradufu kwa miaka mitatu. Akiba yenye faida ya asilimia 6 huchukua miaka 12 kufika hapo. Lipa deni kwanza, ila bahasha ya dharura usiifute, la sivyo dharura inayofuata itakurudisha kwa mkopeshaji.

Kisha chagua jina la bahasha ya pili. Si lazima iwe hofu. Ya yule fundi imeandikwa "siku mbili za kupumzika", na anaitilia noti moja katika kila ishirini.