Kupanga kumbukumbu ya vikao na michakato katika seva ya PostgreSQL

Anayekabidhiwa seva ya PostgreSQL kwa mara ya kwanza huuliza atenge RAM kiasi gani kwa ajili ya hifadhidata. Swali hilo lina majibu mawili, kwa kuwa kumbukumbu ya seva hii ni ya aina mbili: iko ya pamoja, inayotengwa mara moja seva inapowashwa na kutumiwa na michakato yote, na iko ya binafsi, ambayo kila mchakato hujichukulia wenyewe kadiri kazi inavyoudai. Ya kwanza kiasi chake kinajulikana mapema. Ya pili ndiyo inayoangusha seva, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Anza na ile ya pamoja. Kigezo cha shared_buffers huamua ukubwa wa bafa, yaani sehemu ya RAM inayohifadhi kurasa za majedwali na faharasa, kila ukurasa ukiwa na kilobaiti 8. Thamani ya awali ni MB 128, ambayo ni ndogo mno kwa seva ya kazi halisi. Kwa mashine iliyotengwa kwa hifadhidata pekee, anza na robo ya RAM, yaani GB 4 kwa mashine ya GB 16. Usikimbilie kuipa karibu yote, kwa sababu PostgreSQL hutegemea pia kache ya mfumo wa uendeshaji, yaani RAM ambamo mfumo huo huweka data ya diski iliyosomwa karibuni. Ukibadilisha kigezo hiki, lazima uizime seva na kuiwasha upya. Kigezo cha effective_cache_size, ambacho wengi hukichanganya na hiki, hakitengi hata baiti moja: humsaidia tu mpangaji wa maswali (sehemu ya seva inayochagua njia ya kutekeleza kila swali la SQL) kukisia ni data kiasi gani inaweza kuwa tayari ndani ya kache.

Sasa tuje kwenye vikao. Kila mteja anapojiunganisha, mchakato mama uitwao postmaster huzaa mchakato mpya wa kumhudumia mteja huyo peke yake mpaka atakapoondoka. Mchakato huo una kumbukumbu yake ya kuchambua maswali, ya kuweka taarifa za majedwali uliyokwisha kuyagusa, na ya kupanga au kuunganisha safu. Kazi hizo za kupanga na kuunganisha hutawaliwa na work_mem, kikomo ambacho awali ni MB 4; data ikikizidi, humwagwa diskini katika faili za muda. Naomba msomaji asome hapa polepole: MB hizo si za kikao, wala si za swali zima, bali ni za kila operesheni ndani ya swali. Swali moja lenye kupanga mara mbili laweza kuchukua kiasi hicho mara mbili, na likigawanywa kwa michakato wasaidizi, kila msaidizi ana posho yake. Isitoshe, operesheni za hashi (zinazooanisha au kukusanya safu kwa jedwali la hashi lililo ndani ya RAM) huruhusiwa kuzidisha kiasi hicho kwa hash_mem_multiplier, ambayo tangu toleo la 15 ni 2.0.

Piga hesabu kabla ya kubadilisha chochote. Kwenye mashine yetu ya GB 16, ukiweka work_mem kuwa MB 64, ukaruhusu miunganisho 100, na kila mmoja ukapanga data mara mbili kwa wakati mmoja, utahitaji MB 12,800. Ongeza GB 4 za bafa, na RAM imekwisha kabla mfumo wa uendeshaji haujapata chake. Ni kweli kwamba miunganisho yote haifanyi kazi nzito kwa pamoja kila siku. Lakini mwisho wa mwezi, kila idara inapotaka ripoti yake asubuhi ileile, hali hiyo hutokea.

Linux ikiishiwa kumbukumbu, huua mchakato inaouona mzito. Mchakato wa kikao ukiuawa hivyo, postmaster hauwezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja, hivyo huvunja vikao vyote na kuanza kurejesha data kutoka kwenye logi za miamala zilizo diskini. Ripoti ya mtu mmoja huwakata wote. Kuweka mpangilio wa Linux uitwao vm.overcommit_memory kuwa 2, pamoja na kikomo kilichopimwa vizuri, hufanya ombi lililozidi likataliwe, ili swali moja tu lishindwe na vikao vingine viendelee.

Kwa hiyo acha thamani ya jumla iwe ndogo, kisha uipandishe pale tu inapohitajika. Ili kupajua, weka log_temp_files kuwa 0, na jina la kila faili la muda litaandikwa kwenye logi pamoja na ukubwa wake. Chukua swali linalojirudia humo, uliendeshe kwa EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha jinsi swali lilivyotekelezwa, na ukiona mstari kama huu, jua kwamba upangaji umehamia diskini:

Sort Method: external merge  Disk: 91216kB

Usikisie kwamba MB 90 zitatosha, kwani data ileile huhitaji nafasi kubwa zaidi ikiwa ndani ya RAM. Jaribu hivi:

BEGIN;
SET LOCAL work_mem = '256MB';

Kisha rudia EXPLAIN ileile. Mstari ukibadilika kuwa quicksort, yaani upangaji wa ndani ya RAM, umefika; punguza kidogokidogo mpaka upate kiwango cha chini kinachotosha, halafu funga muamala.

Unapopima matumizi, usijumlishe safuwima ya RES katika amri ya top, kwa sababu kila mchakato huonyesha humo pia kurasa za pamoja ulizozigusa, na jumla yake huzidi ukweli kwa mbali. Soma Pss, ambayo hugawanya kurasa za pamoja kati ya michakato inayozitumia, katika /proc/PID/smaps_rollup (PID ni namba ya mchakato). Kuanzia toleo la 14, pg_log_backend_memory_contexts(pid) nayo huandika kwenye logi jinsi mchakato fulani ulivyogawa kumbukumbu yake.

Programu ikifungua mamia ya miunganisho, usipandishe max_connections; weka PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, mbele ya seva, ili wateja wengi wapokezane michakato michache. Ukiitumia katika hali ya kugawa kwa muamala, ambapo mteja hupewa muunganisho wa seva kwa muda wa muamala mmoja tu, epuka SET ya kawaida: thamani yake hubaki kwenye muunganisho wa seva na kumrithisha mteja anayefuata posho asiyoiomba, wakati SET LOCAL huisha muamala unapofungwa.