Umeletewa shemasi mpya parishini? Anza naye hivi

Shemasi mpya wa Kianglikana, yaani mchungaji anayelelewa kabla ya kuwekwa kasisi, akifika, waumini hutaka kumsikia mimbarini, na yeye naye amekuja na hamu ya kuhubiri. Ametoka chuo cha theolojia cha Msalato au Kongwa, kichwa kimejaa Warumi na Isaya, na hilo ni jambo jema. Mpe mimbari mara moja kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Siku nyingine mtembeze.

Namwandikia kasisi mwenzangu ambaye hajawahi kulea shemasi. Parishi yangu iko Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, upande wa barabara iendayo Mvumi, ina makanisa madogo ya vijijini yanayoongozwa na makatekista. Kila shemasi niliyeletewa nimeanza naye ukurasa uleule wa Kitabu cha Sala: ibada ya kuwaweka mashemasi. Kile cha mwaka 1662 kinataja wazi kwamba ni kazi ya shemasi kuwatafuta wagonjwa, maskini na wasiojiweza wa parishi, na kumpelekea kasisi majina yao na mahali wanapokaa. Msomee maneno hayo siku ya kwanza, kisha mkabidhi kaunta buku.

Kila kitongoji kiwe na kurasa zake. Aandike nani anaumwa, nani hatoki tena nje, mtoto gani hajabatizwa, nani aliacha kuja ibadani na tangu lini. Jambo aliloambiwa kwa siri lisiingie humo hata kwa herufi za kificho, maana daftari husahaulika kwenye pikipiki na lina wasomaji wengi.

Ziara za mwanzo amwachie katekista aongoze. Katekista huenda aliishia darasa la saba, lakini anajua nyumba ipi ina ugomvi wa shamba, na mzee yupi alibatizwa utotoni ila haonekani kanisani. Mwambie shemasi mapema kwamba yeye anabeba begi na kusikiliza. Mpeleke pia kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mganga wa zahanati, na kwa imamu kama msikiti upo, kwa sababu siku ya msiba wote hao atawakuta uwanjani.

Halafu mfundishe majira ya huku. Mvua yetu ni moja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi hiyo watu wako shambani tangu alfajiri. Anayepiga hodi saa nne asubuhi mwezi wa Januari ataitikiwa na watoto. Aende jioni, au amfuate mtu shambani, ashike jembe kidogo ndipo waongee. Korongo likijaa asubiri lipungue, asivuke eti kwa kuwa ameahidi ibada. Januari na Februari ndipo ghala linapokaribia kwisha, na mama mwenye nyumba hatakubali mgeni aondoke hivihivi hata kama unga uliobaki ni wa watoto. Basi afike baada ya saa ya chakula. Akiandaliwa ugali wa uwele na mlenda, anawe, ale matonge mawili matatu kwa shukrani, asikubali kuchinjiwa kuku. Alichokiona katika nyumba hiyo akulete siku hiyohiyo. Umoja wa Mama wanajua kupeleka debe la mtama usiku bila mtu kuaibika.

Kwa mgonjwa, mara ya kwanza unaongoza wewe, yeye anatazama. Piga hodi, ungoje nje hadi uitikiwe, hata mlango ukiwa wazi. Kama ni nyumba ya wazee, salimu kwa Kigogo; "Mbukwenyi" ya shemasi aliyetoka Kigoma au Kagera huwafurahisha wazee kuliko mahubiri yake. Omba kigoda, ukae mahali ambapo mgonjwa akigeuza shingo kidogo anakuona uso. Usikae kitandani kwake, wala usisimame juu yake na Biblia mkononi. Simu izimwe kabisa, maana ikitetemeka mfukoni macho yatakwenda huko. Uliza usiku umekwendaje kabla ya kuuliza ugonjwa, kwa kuwa usiku ndipo mawazo yanapomlemea. Kisha nyamaza. Sala iwe fupi, itaje jina lake na lile alilolisema mwenyewe. Kama Zaburi ya 23 anaijua kwa Kigogo, mwachie aianze yeye.

Ziara inayofuata aongoze shemasi, na wewe ufunge mdomo. Ni kazi ngumu kwa kasisi mzoefu. Hata akikwama, mwache akwame kidogo.

Jumanne baada ya sala ya asubuhi mkae wawili. Aje na ukurasa mmoja wenye mazungumzo ya ziara moja, neno kwa neno kadiri anavyokumbuka, bila jina la mtu. Shemasi mmoja aliniletea haya:

Mama: Mwanangu, mimi Mungu ameshanisahau.
Shemasi: Hapana mama, Isaya 49 inasema hatakusahau.
Mama: Haya, mwanangu.
Shemasi: Tuombe.

Tulikaa sana kwenye ile "Haya, mwanangu." Mazungumzo yalikatikia pale. Aya ni ya kweli, ila imekuja kabla mama hajasikilizwa. Nikamuuliza: ungesema "Tangu lini, mama?" angekujibu nini? Akarudi kwa mama yule, akauliza hivyo, akaambiwa habari za kijana aliyekwenda Dar es Salaam na hajapiga simu tangu mavuno. Isaya 49 ilisomwa mwishoni, na mama akaomba irudiwe.

Mafunzo ya namna hii, ya kumlea mchungaji kando ya kitanda cha mgonjwa, yana historia. Mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Aliamini kwamba mtu anayeteseka ana mengi ya kumfundisha mchungaji, sawa na vitabu. Sisi Dodoma tuna hospitali ya dayosisi pale Mvumi, na mjini tuna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Omba ruhusa ya uongozi wa hospitali, mpeleke shemasi, na kwanza akae wodini akisikiliza. Hasa Mirembe. Waumini wengi bado wanadhani ugonjwa wa akili ni pepo tu, na wanamtazamia mchungaji aseme kitu. Ajifunze kusema: tutaomba, na dawa aendelee kumeza.

Msiba ndio mtihani mkubwa. Taarifa ikija usiku, nendeni usiku uleule, bila joho. Mfundishe aende moja kwa moja kwa wafiwa, akae nao chini, atoe pole na kubaki kimya. Maswali ya ratiba ayapeleke kwa msemaji wa familia, kamwe asimuulize mjane. Aandike majina ya marehemu yote na kuyasoma kwa sauti mbele ya ndugu, kwani jina likikosewa kaburini familia haitalisahau. Akague rejista ya ubatizo. Aulize nani atasoma historia ya marehemu na kwa dakika ngapi, la sivyo jua la saa nane litawakuta watu bado uwanjani. Mahubiri yasizidi dakika kumi, na yasimgeuze marehemu kuwa fimbo ya kuwachapia walevi wa kijiji. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisikia. Watu wamekuja kulia, wana haki ya kusikia ufufuo.

Tanga likishavunjwa, wageni wakiondoka, ndipo ziara ya kweli inaanza. Arudi baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi. Hapo ndipo utasikia kwamba shemeji wameshachukua ng'ombe, au mjane anasukumwa arithiwe. Shemasi asiamue kesi. Alete kwako, mfikishe jambo kwa wazee na, ikibidi, kwa serikali ya kijiji.

Kuhusu siri, mpe mpaka mmoja usio na mjadala. Akiambiwa "Mchungaji, niahidi hutasema," asiahidi kabla hajasikia. Mtoto akiwa anaumizwa, au yuko hatarini, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mtu anayefahamu atoe taarifa kwa serikali ya mahali, na ustawi wa jamii waingie. Kumaliza mambo kifamilia kwa mbuzi wawili hakumlindi mtoto. Na yeye mwenyewe asikae na mtoto au binti peke yao ndani. Wakae kibarazani, mahali wanapoonekana.

Ndoa: notisi ya siku 21 kwa sheria ya 1971, leseni ya kufungisha, mafundisho kabla ya kutangaza. Hayo ataona ofisini.

Sadaka zihesabiwe na mhazini pamoja na wazee wawili wa kanisa, shemasi akishuhudia tu. Mnada wa baada ya ibada, wa mayai, kuku na bakuli la karanga, asiuone kuwa jambo dogo wala asiuendeshe kwa kutania walioleta kidogo. Atamwona bibi aliyeleta yai moja akiangalia nani atalinunua.

Mpe siku ya kupumzika na uilinde kwa nguvu zako. Uliza kama familia yake ina maji na kuni, na kama amepata kipande cha shamba, kwa sababu posho ya shemasi kijijini haitoshi na aibu itamzuia kusema.

Mwaka ukikaribia kwisha, askofu atataka taarifa yako kabla ya kumweka kuwa kasisi. Andika ulichokiona kwa macho: alivyokaa na mgonjwa, alivyozika, alivyopokea kukosolewa Jumanne, na mahali ambapo bado anahitaji msaada. Msomee yeye kwanza, mwache ajibu, kisha wote wawili mtie sahihi na kuipeleka dayosisi.