Saikolojia ya Haiba kwa Anayeanza: Tafuta Swali Kabla ya Nadharia

Wengi wanaoanza kusoma saikolojia ya haiba hukutana kwanza na majina: Freud, Jung, Skinner, Rogers, Eysenck. Hukariri nani alisema nini, hufaulu mtihani, na baada ya muda majina hayo huchanganyika kwa sababu hayakuwahi kufungwa kwenye jambo lolote. Somo hili limepangwa kwa njia nyingine. Kila nadharia ya haiba ilitoka kwa mtu aliyesumbuliwa na swali fulani, naye alikuwa na watu wa aina fulani mbele yake, wawe wagonjwa, wanafunzi au watoto. Ukilijua swali hilo, nusu ya nadharia utakuwa umekwisha kuielewa. Usipolijua, utazipambanisha nadharia ambazo hazikuwahi kugombea jambo moja.

Hatua ya kwanza: itenganishe haiba na mambo yaliyo jirani yake

Haiba ni mpangilio wa kufikiri, kuhisi na kutenda ambao hudumu kwa kiasi kikubwa ndani ya mtu na kumtofautisha na wengine. Gordon Allport, ambaye kitabu chake cha mwaka 1937 kilisaidia sana kulifanya somo hili kuwa tawi linalojitegemea, alisisitiza kwamba mpangilio huo ni hai, yaani unaendelea kujengeka, na kwamba unahusisha mwili na akili kwa pamoja. Hali ya moyo si haiba, maana hasira ya asubuhi inaweza kwisha kabla ya jioni. Hulka iko karibu zaidi: ni ile tofauti ya kimaumbile inayoonekana tangu uchanga, kwa mfano mtoto mmoja kushtuka upesi na mwingine kutulia, na juu yake haiba hujengwa. Maadili nayo ni suala jingine kabisa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa mchangamfu na mwenye kujiamini bila kuwa mwema.

Hatua ya pili: jua unazungumzia ngazi gani

Mwaka 1948 Clyde Kluckhohn na Henry Murray waliandika kwamba kila mtu, kwa namna fulani, anafanana na watu wote, anafanana na baadhi ya watu, na hafanani na mtu mwingine yeyote. Sijaona njia bora zaidi ya kumwongoza mwanafunzi mpya. Ngazi ya kwanza inauliza binadamu ni kiumbe wa namna gani. Ya pili inauliza watu hutofautianaje. Ya tatu inauliza kwa nini mtu huyu, mwenye historia hii, amekuwa alivyo. Freud na Maslow walishughulika zaidi na ngazi ya kwanza, watafiti wa sifa, yaani tabia za kudumu ambazo watu huwa nazo kwa viwango tofauti, wako kwenye ya pili, na anayechunguza maisha ya mtu mmoja kwa kina yuko kwenye ya tatu. Mabishano mengi kati ya wanafunzi hutokea pale mmoja anapojibu swali la ngazi ya pili kwa hoja ya ngazi ya tatu, kama yule anayesema kwamba utafiti wa maelfu ya watu ni batili kwa kuwa anamfahamu mtu mmoja asiyelingana nao.

Hatua ya tatu: pitia mikabala mikuu, kila mmoja na swali lake

Mkabala wa Sigmund Freud ulianzia kwenye chumba cha matibabu mjini Vienna, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu au viungo vilivyopooza bila sababu ya kimwili iliyoonekana. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini mtu hufanya au huhisi jambo ambalo yeye mwenyewe halitaki wala hawezi kulieleza? Jibu lake ni kwamba sehemu kubwa ya akili hufanya kazi bila mwenyewe kuitambua, na kwamba ndani yake kuna mvutano. Mwaka 1923 aliupanga mvutano huo katika pande tatu: tamaa zinazodai kutimizwa sasa hivi, makatazo yaliyorithiwa kutoka kwa wazazi na jamii, na nafsi inayojaribu kupatanisha pande hizo na hali halisi ya mambo. Alfred Adler alijitenga naye mwaka 1911, akiona kwamba msukumo mkubwa wa binadamu ni kuishinda hali ya kujiona duni, na baadaye Karen Horney alipinga waziwazi maelezo ya Freud kuhusu wanawake, akaweka mkazo kwenye wasiwasi wa mtoto asiyejihisi salama mikononi mwa wakubwa. Kwa maoni yangu, wazo la utendaji wa akili usiotambuliwa limedumu kwa haki, ingawa si kwa sura ile aliyoichora Freud. Hatua zake za ukuaji wa mtoto zina ushahidi hafifu, na maelezo yake mengi yamekaa kwa namna ambayo hakuna tukio linaloweza kuyakanusha.

B. F. Skinner aliuliza jambo tofauti: ni kitu gani katika mazingira hufanya tendo lirudiwe au liachwe? Kwake, kinachoitwa haiba ni mkusanyiko wa matendo yaliyojengwa na matokeo yake. Jibu hilo lina nguvu, lakini halikueleza inakuwaje mtu ajifunze jambo ambalo hajawahi kulipwa kwa kulifanya. Albert Bandura na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1961, pale watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa walipomwiga baadaye, pengine kwa maneno na vitendo vilevile. Kutokana na kazi hiyo Bandura alifika kwenye hoja kwamba mtu, tendo na mazingira huathiriana pande zote, na mwaka 1977 akafafanua nafasi ya imani ya mtu kwamba anaweza kulitekeleza jambo fulani. Imani hiyo huamua kama atajaribu, na atavumilia kwa muda gani anapokwama.

Carl Rogers na Abraham Maslow walihoji kwa nini wataalamu walitazama ugonjwa na panya wa maabara kuliko watu wanaostawi. Rogers alishikilia kwamba mtu hudhoofika pale anapopendwa kwa masharti, akalazimika kuficha sehemu ya nafsi yake ili asikataliwe, na aliruhusu mazungumzo ya tiba yarekodiwe ili dai hilo lichunguzwe. Maslow alitoa nadharia yake ya mahitaji mwaka 1943, lakini watu aliowatumia kama mfano wa waliokamilika aliwachagua mwenyewe kwa vigezo vyake mwenyewe, na huo ni udhaifu usiofaa kufichwa.

Mkabala wa sifa, ambao ndio unaotawala utafiti wa leo, ulianza na kamusi. Mwaka 1936 Allport na Henry Odbert walikusanya takribani maneno 18,000 ya Kiingereza yanayoweza kumweleza mtu, wakiongozwa na wazo kwamba tofauti zenye maana katika maisha ya watu hatimaye hupata maneno. Raymond Cattell aliyapunguza kwa hesabu hadi vipengele 16, Hans Eysenck akaona vichache vinatosha, na watafiti waliofuata, wakiwemo Lewis Goldberg, Paul Costa na Robert McCrae, wakakubaliana juu ya vitano: uwazi kwa mawazo na mambo mapya, umakini katika kutimiza wajibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mkabala wa kibiolojia unakwenda sambamba na huu, ukiuliza tofauti hizo zinatoka wapi katika urithi na ubongo.

Hatua ya nne: usidanganyike kwamba kutaja ni kueleza

Hapa ningependa msomaji atulie. Mtu akiuliza kwa nini fulani hakuzungumza kwenye mkutano, tunamjibu kwamba ni mkimya. Akiuliza tumejuaje kwamba ni mkimya, tunamjibu kwamba huwa hazungumzi kwenye mikutano. Tumezunguka mahali pamoja, na hakuna tulichoeleza. Tumelipa tendo jina. Sifa huanza kuwa maelezo pale tu inapotupa kitu kisichokuwamo kwenye tendo lililoizaa. Ikiwa kipimo cha umakini alichojaza mtu leo kinatabiri utendaji wake kazini miaka kadhaa ijayo, kikilingana pia na maoni ya watu wanaomfahamu, basi kuna jambo linalopimwa. Kila unaposoma sentensi isemayo kwamba mtu alitenda hivi kwa sababu ana haiba ya namna fulani, uliza haiba hiyo ilijulikana kwa njia gani nyingine mbali na tendo hilohilo.

Hatua ya tano: elewa mgogoro wa mtu na mazingira

Mwaka 1968 Walter Mischel alichapisha uchambuzi uliotikisa taaluma nzima. Alionyesha kwamba kiwango cha uhusiano kati ya sifa iliyopimwa na tendo katika tukio moja mahususi mara chache huzidi 0.30, pale ambapo 1 ingekuwa ulinganifu kamili. Wapo waliohitimisha kwamba haiba haipo. Jibu muhimu lilitoka kwa Seymour Epstein mwaka 1979: tendo moja ni kipimo kibaya cha mtu, kama swali moja lilivyo kipimo kibaya cha mwanafunzi, lakini wastani wa matendo ya siku nyingi huwa thabiti kwa kiwango cha juu. Mischel mwenyewe, pamoja na Yuichi Shoda, hakukomea kwenye kukanusha. Walipochunguza watoto kwenye kambi ya likizo, waliona kwamba mtoto mmoja huwa mkali anapochokozwa na wenzake lakini hutulia anapoonywa na mtu mzima, na mwingine yuko kinyume chake, na kwamba mpangilio huo wa "ikiwa hili, basi lile" hujirudia kwa kila mtoto. Watoto wawili wanaweza kuwa na wastani uleule wa ukali na wakawa na haiba tofauti kabisa. Mgogoro huu, kwa mtazamo wangu, ndio uliokomaza somo, kwa sababu ulizilazimisha pande zote mbili kusema kwa usahihi zinatabiri nini.

Hatua ya sita: kikague kipimo kabla ya kuamini matokeo

Kipimo lazima kitoe majibu yanayokaribiana kikirudiwa, na lazima kipime kile kinachodai kupima. Kukubaliana kwako na matokeo si ushahidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1949, Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba yaliyodaiwa kutokana na kipimo cha kila mmoja, kumbe wote walipewa maelezo yaleyale, nao kwa wastani wakayapa usahihi wa 4.26 kati ya 5. Maneno yanayomfaa kila mtu hayampimi yeyote.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Nilijaza dodoso la mtandaoni likaniweka katika aina moja kati ya 16. Je, hizo ndizo sifa 16 za Cattell?

Jibu: Hapana, ndugu, ni kufanana kwa idadi tu. Cattell alikuwa na vipengele 16, na kila mtu ana kiwango chake kwa kila kipengele. Mfumo wa aina 16 ulitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ambayo Carl Jung aliyachapisha mwaka 1921, nao humweka kila mtu upande mmoja au mwingine wa mistari minne. Tatizo ni kwamba watu wengi wako karibu na katikati ya kila mstari, hivyo tofauti ndogo ya majibu humhamisha mtu kutoka aina moja hadi nyingine, na ndiyo maana wengi wanaorudia dodoso hilo hupata aina tofauti na ya awali. Afadhali kujua uko wapi kwenye mstari kuliko kuambiwa uko upande gani.

Swali: Nimesoma kwamba haiba hurithiwa kwa karibu nusu. Ina maana nusu ya haiba yangu imetoka kwa wazazi wangu na nusu nyingine kwenye malezi?

Jibu: Hiyo ndiyo tafsiri ambayo wengi huipata, na si sahihi. Tafiti za mapacha huonyesha kwamba takribani asilimia 40 hadi 50 ya tofauti kati ya watu katika sifa hizi inahusishwa na tofauti zao za kijenetiki. Takwimu hiyo inahusu kundi la watu. Ndani ya mtu mmoja haiwezi kugawanywa, kwa sababu jeni na mazingira hufanya kazi pamoja tangu mwanzo. Tena, sehemu iliyobaki si malezi ya nyumbani pekee. Mapacha wanaofanana waliolelewa katika nyumba tofauti, kama wale wa utafiti ulioanzishwa Minnesota mwaka 1979, hukaribiana kihaiba kwa kiasi kilichowashangaza watafiti, na watu waliolelewa nyumba moja bila undugu wa damu hufanana kidogo mno. Mambo yanayompata kila mtoto peke yake yanaonekana kuwa na uzito zaidi.

Swali: Samahani Mwalimu, umesema haiba hudumu. Mimi nina miaka arobaini na ushee na sijifahamu tena nikijilinganisha na nilivyokuwa kijana. Nani amekosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea. Kudumu kuna maana mbili. Ya kwanza ni nafasi yako ukilinganishwa na watu wa rika lako, na hiyo huwa thabiti zaidi kadiri umri unavyoongezeka. Ya pili ni kiwango chako mwenyewe, na hicho hubadilika. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 92 zilizofuatilia watu kwa muda mrefu, wakaona kwamba umakini na utulivu wa hisia huongezeka hasa kati ya miaka 20 na 40. Kwa hiyo unaweza kuwa mtulivu kuliko ulivyokuwa ujanani, na bado ukawa mwenye wasiwasi kuliko wenzako wengi wa rika lako.

Swali: Ikiwa sifa tano zilitokana na kamusi ya Kiingereza, tuna hakika gani kwamba zinafaa kwa watu wote duniani?

Jibu: Swali hili ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Madodoso ya sifa tano yametafsiriwa kwa lugha nyingi, na mara nyingi mpangilio wake hujitokeza, hasa kwa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mijini. Hata hivyo, Michael Gurven na wenzake walipowapima watu wazima 632 wa jamii ya Tsimane nchini Bolivia, ambao huishi kwa kilimo kidogo, uwindaji na uvuvi, hawakuupata, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Badala yake yalijitokeza makundi mawili makubwa: moja la kuishi vizuri na watu, na jingine la bidii ya kazi. Maelezo mojawapo yanayopendekezwa ni kwamba katika jamii ndogo, ambamo karibu kila mtu mzima hufanya kazi zilezile, hakuna nafasi nyingi tofauti za kuzifanya sifa ziachane, ilhali jamii kubwa yenye kazi za kila aina humruhusu mtu kuwa makini bila kuwa mpole, au mdadisi bila kuwa mchangamfu. Maelezo hayo yakithibitika, idadi ya sifa haitakuwa jambo la ubongo wa binadamu peke yake, na litakuwa swali linalohitaji kupimwa upya katika jamii moja baada ya nyingine, kwa madodoso yaliyotungwa kutoka ndani ya lugha zao.