Ujumbe wa kosa unaosaidia: kushughulikia faili katika programu za C

Tuseme umeandika programu ya C inayotunza hesabu ya magunia ya maharagwe katika depo moja ya Kadutu, hapa Bukavu, nawe unakaa Bagira. Asubuhi mtunza depo anakupigia simu na kukusomea kilichoandikwa kwenye kioo: «Kosa: faili haifunguki». Kwa maneno hayo peke yake huwezi kumsaidia, kwa sababu huenda faili haipo, huenda ipo lakini hana ruhusa ya kuisoma, au huenda flashi imechomolewa, na kila hali ina dawa yake. Ujumbe unaofaa husema programu ilikuwa inajaribu kufanya nini, kwenye faili gani, na mfumo umekataa kwa sababu gani.

Sababu hiyo haihitaji kubahatishwa. Funksheni `fopen` ikishindwa hurudisha `NULL`, na katika Linux na mifumo mingine inayofuata kanuni za POSIX huacha namba ya kosa ndani ya kigeu kiitwacho `errno`. Katika Linux, 2 ni faili kutokuwepo, 13 ni kukosa ruhusa, na 28 ni diski kujaa. Funksheni `strerror` huigeuza namba hiyo kuwa maneno.

```c
FILE *f = fopen(jina, "r");
if (f == NULL) {
    int kosa = errno;
    fprintf(stderr,
        "depo: imeshindikana kufungua '%s' ili kuisoma: %s (%d)\n",
        jina, strerror(kosa), kosa);
    return EXIT_FAILURE;
}
```

Vichwa (faili za `#include`) vinavyohitajika ni `stdio.h`, `stdlib.h`, `string.h` na `errno.h`. Namba inahifadhiwa mara moja katika `kosa`, kwa kuwa funksheni yoyote ya maktaba utakayoiita baadaye inaweza kuibadilisha `errno`. Ujumbe unapelekwa `stderr`, yaani njia ya kutolea makosa, ili usipotelee ndani ya ripoti pale ambapo matokeo ya programu yameelekezwa kwenye faili nyingine. Alama za nukuu zinazozunguka jina la faili nazo zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana: jina lililosomwa kwa `fgets` mara nyingi hubaki na alama ya mstari mpya mwishoni, na bila alama hizo za nukuu utatafuta kutwa nzima kwa nini faili unayoiona kwa macho yako inasemekana haipo. Ukiona alama ya kufungia imeangukia mstari wa chini, umeshapata jibu.

Wengi hutumia `perror("fopen")`, inayoandika neno ulilolipa pamoja na sababu ya kosa. Ni fupi, lakini inataja jina la funksheni, ambalo mtunza depo halijui, na inaacha jina la faili ambalo analijua. Ongeza pia `setlocale(LC_ALL, "")` mwanzoni mwa `main`, pamoja na kichwa cha `locale.h`, na kompyuta iliyowekwa katika Kifaransa, kama zilivyo nyingi za kwetu, itaweza kutoa sababu kwa Kifaransa badala ya Kiingereza. Namba iliyo kwenye mabano iache ibaki, maana kwenye simu inasomeka bila kukosewa.

Kufungua faili si mwisho wa hatari. Katika Linux, mtu akiipa programu jina la folda badala ya faili, `fopen` kwa hali ya kusoma hufaulu kabisa; kinachoshindwa ni usomaji wa kwanza. Kwa kuwa `fgets` hurudisha `NULL` faili inapoisha na vilevile kosa linapotokea, programu isiyoita `ferror(f)`, inayoonyesha kama kosa limetokea, baada ya kitanzi cha kusoma itatangaza kwa utulivu kwamba depo lina magunia 0. Mimi naliona kosa la namna hii kuwa baya kuliko programu kuzimika, kwa sababu mtu ataamini takwimu hiyo na kuitumia.

Katika kuandika, uangalifu uzidi. Maneno unayoyatoa kwa `fprintf` hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, hivyo diski iliyojaa inaweza kugundulika wakati wa `fclose` tu, wakati ambapo wengi hawaangalii tena jibu. Angalia `ferror(f)` kabla ya kufunga, kisha angalia kama `fclose(f)` imerudisha 0; lolote likishindwa, mwambie mtumiaji waziwazi kwamba mauzo ya leo hayakuhifadhiwa na asizime kompyuta kabla ya kuyanakili. Umeme unapokatika mara kwa mara, ita pia `fflush(f)`, inayotoa maneno kwenye kumbukumbu ya muda, na `fsync(fileno(f))`, inayoutaka mfumo uyaandike kwenye diski, kabla ya kufunga, na uangalie majibu yake, kwa sababu `fclose` kufaulu hakumaanishi kwamba data imeshafika kwenye diski.

Jumbe hizi zijaribiwe kabla programu haijapelekwa Kadutu. Ipe jina la faili isiyokuwepo, kisha jina la folda, kisha faili uliyoiondolea ruhusa kwa `chmod 000`, na kwa upande wa kuandika ielekeze kwenye `/dev/full`, faili maalumu ambayo katika Linux hujibu kila uandishi kwa kosa 28. Jaribio la ruhusa lifanye ukiwa mtumiaji wa kawaida, kwani mtumiaji mkuu `root` ataifungua faili hiyo bila kizuizi na hutauona ujumbe wako.