Ukiombwa na Polisi wa Marekani Kupimwa kwa Mashine ya Kutambua Uongo

Kwa ndugu wanaoishi Marekani: mpelelezi akikuomba upimwe kwa poligrafu ili "ujisafishe", fahamu kwamba hulazimiki kukubali, na kwamba kukataa si kosa. Mjibu kwa utulivu kwamba unataka wakili, na kwamba hutajibu swali lolote asipokuwepo. Ikiwa Kiingereza chako ni cha kubahatisha, dai mkalimani kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

Mashine hiyo haioni uongo. Hurekodi shinikizo la damu, mapigo ya moyo, upumuaji na jasho la vidole, na hakuna hata dalili moja kati ya hizo inayompata mwongo peke yake, kwa kuwa mtu mkweli anayeogopa kusingiziwa naye moyo humwenda mbio. Gary Ridgway alifaulu kipimo hicho mwaka 1984, na mwaka 2003 akakiri mahakamani kuwaua wanawake 48.

Huenda ukaambiwa kwamba huna cha kupoteza, maana mahakama nyingi hazipokei matokeo ya poligrafu. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu matokeo yanaweza kukataliwa huku maneno uliyoyatamka ndani ya chumba kile yakipokelewa. Jeffrey Deskovic alikuwa na miaka 16 alipopimwa katika jimbo la New York mwaka 1990, kuhusu mauaji ya mwanafunzi mwenzake, kwa saa nyingi, bila chakula, bila mzazi wala wakili. Aliambiwa ameshindwa, akavunjika moyo, akakiri jambo ambalo hakulitenda. Alifungwa miaka 16, hadi vinasaba vilipomtambulisha muuaji mwingine mwaka 2006. Kumfanyia mtoto hivyo ni dhuluma, hata kama mpelelezi aliamini kwa dhati kwamba anatafuta haki.

Tena usiichukulie kauli ya "umeshindwa" kuwa ushahidi. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba uongo wa polisi pekee hautoshi kubatilisha maneno ya kukiri, kwa hiyo mpelelezi anaweza kukutajia matokeo yasiyokuwepo. Kama umekwisha kukubali na mashine imefungwa mwilini, bado unayo haki ya kusema basi. Omba ifunguliwe, usieleze kwa nini mapigo yako yalipanda, wala usikisie jinsi tukio lilivyoweza kutokea, na kila swali linalofuata lijibu kwa kumwomba wakili.