Kuandika mchezo wa steji kuhusu boi wa jumba la Njoro

Ukienda kutembea kwa lile jumba la Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza, huku kwetu Njoro utaambiwa mengi kuhusu mwenyewe, vile alianza kulijenga 1938 likamalizika 1954, akafa 1958 bila kuoa, na zile story za ati hakutaka kuona mwanamke hapo. Sawa. Lakini nani alikua anampashia maji ya kuoga? Huyo boi, yaani mtumishi wake wa nyumbani, ndio niliamua kumwandikia.

Drafti ya kwanza ilikua aibu. Boi alikua kwa sini nne, kila sini anaingia na trei, anasema "ndio bwana", anatoka. Jamaa wa kuigiza hiyo nafasi akaniuliza, "sasa mimi nikitoka hapa naenda wapi?" Sikua na jibu.

Kwa hivyo geuza steji. Jikoni ndio kuwe mbele ya watu, sebule iende nyuma ya pazia, na bwana abaki sauti na kengele tu. Usimpe sini yake, ukimpa moja atakula mchezo wote, hawa watu ndio walivyo hata wakiwa wamekufa.

Utafiti nao, archives za Nairobi pale Moi Avenue ziko, lakini anza na wazee. Usimuulize mzee "ulijisikiaje", atakwambia vizuri tu. Muulize moto uliwashwa saa ngapi, kuni zilitoka wapi, walilala wapi, chakula kikibaki kilienda wapi. Hapo ataongea mpaka giza liingie. Na kama jina la boi halipatikani, tunga lako, usichukue la familia ya watu.

Lugha ndio utamu wenyewe. Mpe boi Kiswahili mbili. Kwa bwana ni ile ya amri, imekatwakatwa:

– Boi! Chai wapi?
– Iko, bwana.

Akirudi jikoni anafunguka:

– Anauliza chai na maji hayajachemka, kuni zenyewe mlileta mbichi, mnataka nipulize moto na roho yangu?

Watu watacheka, na watamjua. Mtu ana wajukuu na bado anaitwa boi, hiyo huhitaji kueleza.

Kitu kingine ni kipande. Sisi bado tunaita kitambulisho hivyo, lakini kile cha kuanzia mwaka wa 1920 hivi kilikua cha wanaume Waafrika, kina alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, na mtu alikivaa shingoni ndani ya kopo la chuma. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Sheria ikabadilishwa 1947, kwa hivyo mchezo wako ukiwa wa baada ya hapo angalia usije ukachekwa na wanaojua. Kopo letu la mchezo tulitengenezewa na fundi wa mabati hapa mjini, tukaweka sarafu mbili ndani ndio lilie boi akitembea, na hata akiwa nyuma ya pazia watu walijua ako wapi.